Mpapai Dume Ulivyofichuliwa

Mkulima wa Mlandizi anayesia mbegu za papai alilonunua sokoni husubiri miezi mpaka mipapai itoe maua, ndipo aujue ulio dume kwa vikonyo vyake virefu vinavyoning'inia. Huufyeka, na maji na mbolea vimekwenda bure. Jinsia hiyo ilikwishaamuliwa ndani ya mbegu.

Ufumbuzi ulianza kwa kuhesabu miti. Mwaka 1938, Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, kila mmoja kivyake, waliichambua mizao ya mipapai. Jike likichavushwa na dume, miche hugawanyika nusu kwa nusu. Mpapai huntha, wenye viungo vya kiume na vya kike ndani ya ua moja, ukijichavusha hutoa huntha wawili kwa kila jike mmoja. Kanuni ya urithi ilitaka watatu kwa mmoja! Robo ya mbegu imekwenda wapi? Hufa changa, kwa sababu zimerithi alama ya huntha pande zote mbili. Kuona kifo kwa kutazama miti iliyo hai tu: kwangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote zilizofuata.

Darubini haikusaidia kuipata alama hiyo, maana jozi zote 9 za kromosomu za mpapai zinafanana kwa macho. Mwaka 2004 watafiti, Ray Ming akiwamo, walionyesha kuwa sehemu ya kromosomu moja haibadilishani vipande na mwenzake: ni Y, kromosomu ya jinsia iliyo changa, na mwenzake ni X. Kufikia 2012 sehemu hiyo ilikwishasomwa. Kwa huntha ina herufi za DNA takriban milioni 8, wakati sehemu hiyo kwenye X ina milioni 3.5 tu. Kipande kisichobadilishana hulimbikiza kasoro, na jeni muhimu zikiharibika, mbegu yenye Y mbili bila X haiwezi kuishi. Uchambuzi wa 2015 ulikadiria kuwa Y ya huntha iliachana na ya dume miaka kama 4,000 iliyopita, pengine kwa mikono ya wakulima wa Amerika ya Kati.

Kwa mkulima wa Mlandizi, hesabu ya 1938 inatosha. Mbegu za jike na dume zikipandwa miche mitatu kwa shimo, shimo moja kati ya 8 litakuwa na madume matupu. Mbegu za huntha aliyejichavusha hazitoi dume hata moja, na shimo lenye majike matupu ni moja kati ya 27. Maua yakitoka, bakiza huntha mmoja, ng'oa wengine.