Chaki Peke Yake

Mjukuu wangu aliniomba fedha za kamera, apate kutengeneza video za mtandaoni. Tukaketi barazani hapa Majengo, tukatazama video za mwaka 2021 za Kili Paul na dada yake Neema, Wamasai wa Mkoa wa Pwani. Hamna jukwaa wala mapambo. Ni uwanja wa nyumbani, jua na mashuka yao. Wanafuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, na midomo haikosei neno. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwasifu redioni. Dosari ni moja: sauti ni ya kuazima.

Hata hivyo nilijuta. Chuoni niliwapunguzia alama wanachuo walioingia darasani na chaki peke yake, nisitazame walivyojiandaa. Kamera sikununua. Nilimwambia mjukuu ajifunze kwanza wimbo mmoja, wa kwetu, kwa sauti yake.