Mafundi wa Kusoma Kilima

Mwezi wa tisa, moto ukishapita kwenye misitu ya miombo inayoizunguka Lubumbashi, huko Katanga nchini Kongo, ardhi hubaki nyeusi na mvua bado iko mbali. Ni wakati huo mmea uitwao Ocimum centraliafricanum unapochanua. Mzizi wake ni mnene, mgumu kama kisiki, nao umejichimbia chini ambako moto haufiki. Kila mwaka machipukizi mapya hutokeza kwenye majivu. Ukikata shina lake utaona lina pembe nne. Majani hukaa mawilimawili yakitazamana, ua ni jeupe lenye kuelekea zambarau, na nyuzi za chavua zimechomoza nje kabisa ya mdomo wa ua. Anayekijua kivumbasi na mrehani atautambua ukoo huo hata kabla ya kunusa.

Kwa muda mrefu vitabu vya mimea viliuita homblei, kutokana na Homblé, Mbelgiji aliyekusanya mimea Katanga mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wa migodi waliuita ua la shaba. Katika miaka ya 1950, wanajiolojia wa upande wa pili wa mpaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walipita porini wakiutafuta. Palipojaa maua hayo walichukua udongo wakaupima. Kazi hiyo imesifiwa sana vitabuni, na inastahili. Lakini jicho lililoizaa ni la zamani kuliko wao.

Wasanga, na baadaye Wayeke wa mfalme Msiri, walichimba na kuyeyusha shaba Katanga kabla reli haijafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mavuno yakiisha na kiangazi kikikaza, mafundi walikwenda vilimani. Walitafuta kilima chenye kipara katikati ya msitu, mahali ambapo miti imekataa kuota na badala yake pana nyasi fupi na maua ya porini. Chini ya kipara hicho palikuwa na malakiti, lile jiwe la kijani. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makaa, wakavuta mivukuto ya ngozi, na shaba iliyoyeyuka wakaimimina kuwa misalaba ambayo hadi leo ni alama ya Katanga. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeandika habari zao mwaka 1926, aliwaita walaji wa shaba. Mtu akisifu tanuri peke yake amesifu nusu tu ya kazi. Kabla ya moto kulikuwa na kutembea, na katika kutembea kulikuwa na kuchagua: kilima hiki ndiyo, kile hapana.

Mafundi hao nao waliacha maandishi yao ardhini. Mahali walipoyeyusha, masalia ya tanuri yalitia udongo shaba, na juu yake ukaota mmea mwingine wa ukoo huohuo, Haumaniastrum katangense, mdogo, wa msimu mmoja, wenye vichwa vya maua ya zambarau. Mwaka 1982 De Plaen, Malaisse na Brooks walieleza jinsi kiraka cha mimea hiyo kinavyomwongoza mwanaakiolojia hadi kwenye tanuri la kale. Hakuna ukuta uliosimama, hakuna kibao, lakini majani yanaonyesha mahali fundi alipokaa na mvukuto wake karne nyingi zilizopita. Mimi sijui kumbukumbu nyingine ya mafundi iliyo hai namna hii.

Ugumu wa ufundi huu ni kwamba ua linaweza kukupoteza. Zamani ilisemwa kwamba ua la shaba haliwezi kuota pasipo shaba. Mwaka 1970 Howard-Williams alichapisha utafiti wake kuhusu mmea huu na kuonyesha kuwa unaota pia kwenye udongo wa kawaida. Kilimani penye sumu ya shaba unapata nafasi, kwa kuwa wengi wa washindani wake hawawezi kuishi pale. Kwa hiyo msomaji mzuri wa kilima hashiki ua moja akashangilia. Anatazama miti inapokomea, nyasi gani inatangulia, maua yamekaa kwa wingi gani, na yanafuata mstari gani wa mteremko.

François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi miaka mingi, alikuwa na subira hiyo. Mwaka 1978 yeye na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba Aeollanthus biformifolius, ndugu mwingine wa mrehani, umepatikana na zaidi ya miligramu 13,000 za shaba katika kilo moja ya mmea mkavu. Mmea wa kawaida huwa na kama 10. Baadaye, mwaka 2007, Faucon, Shutcha na Meerts walirudi kwenye takwimu za namna hiyo wakauliza swali la mtu makini: je, majani yalioshwa vya kutosha? Jani lenye vinyweleo hushika vumbi, na vumbi la Katanga lenyewe ni madini. Walipoyaosha kwa makini, vipimo vya mimea kadhaa vilishuka. Mimi naiheshimu kazi hiyo ya kuosha majani kuliko vumbuzi nyingi zenye kelele. Kukaa na jani mkononi, kulisuuza, kulikausha, kulipima upya, ukijua kuwa jibu huenda likapunguza sifa ya mmea unaoupenda, huo ni uaminifu wa fundi.

Mylor Ngoy Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliupeleka ufundi huu kwenye jeraha la mji wenyewe. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza kazi mwaka 1911 kilitoa moshi miaka mingi, na upepo ukaupeleka upande mmoja hadi miti ikafa na udongo ukabaki uchi. Huko Penga Penga, yeye na wenzake walijaribu nyasi tatu za kienyeji kwenye udongo uliotiwa chokaa na mboji, na mwaka 2010 wakachapisha waliyoyaona. Nyasi iitwayo Microchloa altera, ambayo mafundi wa kale waliikanyaga vilimani wakifuata malakiti, leo inafikiriwa kama kifuniko cha udongo ulioungua.

Vilima vya shaba vya Katanga vinazidi mia moja, na aina zaidi ya 30 za mimea yake hazioti popote pengine duniani. Vilima hivyo ndivyo hasa migodi inavyovitaka, kwa hiyo kila mwaka kurasa kadhaa zinachanwa kabla hazijasomwa. Kuna makampuni yanayokusanya mbegu na kuhamisha mimea kabla ya kulipua, nayo yapongezwe. Lakini mbegu zilizokusanywa kwa haraka mwezi wa tatu haziwezi kuwa na ua linalochanua mwezi wa tisa. Wanaotoa vibali vya kuchimba wadai jambo moja jepesi: kilima kisiguswe kabla mtu anayejua mimea hajakipanda na kukishuka mwaka mzima, masika na kiangazi, na hasa zile wiki chache baada ya moto.