Merer Alibeba Mawe

Ancient Aliens inabamba, nakubali. Sauti nzito inauliza, "Je, yawezekana...?" na kabla hujajibu, viumbe wa anga za mbali washajenga piramidi za Giza. Swali linarudiwa hadi unalizoea kama jibu.

Lakini mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, Misri, wanaakiolojia walipata kumbukumbu za kazi za Merer, zilizoandikwa kwenye mafunjo. Alisimamia wanaume kama 40. Siku baada ya siku, enzi za Farao Khufu, walisafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kumtetea. Ila babangu ni mtu wa mjengo. Tukipita tauni hunionyesha ghorofa alizobebea mawe. Kibao cha mlangoni kina jina la mheshimiwa aliyekata utepe.