Fundi Asiyekimbilia Kupiga Window

Kazi ya kutafuta kwa nini kompyuta za ofisi zinajizima haishangiliwi na mtu. Zikipona, kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Zisipopona, lawama zote ni za fundi. Mimi naisifu, kwa sababu kazi hii ikifanywa vizuri ni kazi ya haki.

Tuseme ofisi yenye matawi mawili, moja hapa Ruti, Mbarara, Uganda, na jingine kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ina kompyuta 30. Asubuhi zinaingia taarifa: ya karani imezima, ya mhasibu imeganda, ya mapokezi imejiwasha upya katikati ya kazi. Kabla ya saa nne mkosaji ameshapatikana: ni yule kijana mgeni aliyechomeka flashi. Njia ya mkato inajulikana. Piga window upya, yaani futa kila kitu na kusakinisha Windows mpya, kabidhi mashine, chukua hela. Lakini anayepiga window kwanza anafuta ushahidi wote, na kijana anabaki na doa lisilo lake.

Fundi wa kweli huanza na daftari. "Pole, mama. Ilizima saa ngapi? Ulikuwa unafanya nini? Na ya jirani yako?" Huuliza bila kukaripia, maana mtu akiogopa hatataja chai iliyomwagika wala waya uliolegea, na mficha maradhi kifo humuumbua. Nakivale, ambako Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali husimama foleni moja, na si kila mmoja anaeleza jambo kwa Kiswahili kile kile, subira hiyo ni nusu ya kazi.

Kisha anaihoji mashine. Windows huweka daftari lake la matukio, na humo kuna tukio namba 41, linaloandikwa mashine inapowaka baada ya kuzimika bila kufungwa vizuri. Ndani yake mna namba ya kosa. Ikiwa ni sifuri, Windows haikupata nafasi ya kuandika kosa lolote: huenda umeme ulikatika, mtu alibana kitufe, au mashine iliganda kabisa. Ikiwa ni 159, fundi huigeuza kuwa 9F kwa hesabu ya kumi na sita, na hapo anajua draiva fulani ilikwama mashine ilipokuwa ikilala au kuamka. Sasa anapanga saa ambazo mashine zote zilizimika kwenye karatasi moja. Sifuri tano za dakika ile ile humpeleka kwenye laini ya umeme, jenereta au inverta ya sola. Sifuri za mashine moja, kila mara kwa saa yake, humpeleka kwenye pawasaplai yake, waya wake, vumbi lililoziba feni yake. Hapo kijana wa flashi ameshaanza kusafishika jina.

Dunia nzima ililipata somo hili Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, ikaliondoa saa 2 na dakika 27. Katika dakika hizo 78 tu, likaangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, na safari za ndege, benki na hospitali zikakwama. Programu ilitarajia kusoma vipengele 21, ikapewa 20. Ilipokitafuta kile cha 21 ikasoma mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu, na Windows ikaanguka nayo. Dawa yake ilikuwa kuwasha mashine katika hali salama na kufuta faili moja. Aliyeuliza "mashine hii ilikuwa hewani saa ngapi?" alikuwa karibu na jibu. Aliyekimbilia kupiga window alijipa kazi ya siku nzima na kuhatarisha mafaili ya watu, kwa ajili ya faili moja.

Uzuri wa ufundi huu uko hapo. Unakataza kumhukumu mtu, mashine au umeme kabla ushahidi haujasikilizwa, na unamlazimisha fundi kutafuta kile ambacho wagonjwa wote wanashiriki na wazima hawana. Akishakiona, anabadilisha kitu kimoja tu, anangoja, anaandika matokeo. Akibadilisha vitatu kwa mpigo, hata tatizo likiisha hatajua alichokitibu.

Nakivale imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huduma nyingi za mtu, kuanzia kuandikishwa jina lake, hupitia kwenye kompyuta. Mashine ikizima, aliyetembea tangu alfajiri huambiwa arudi kesho. Kwa hiyo vijana wanaojifunza ufundi Ruti na Nakivale wafundishwe kuuliza, kusoma tukio namba 41 na kuandika daftari kabla ya kufundishwa kupiga window. Huduma ya yule aliye kwenye foleni inategemea mpangilio huo.