Salamu ya Kila Jioni

Mgeni akishafika hoteli za Diani, haipiti siku mbili kabla hajaimbiwa "Jambo Bwana". Vijana wa Ukunda wameusikia wimbo huo mpaka umewatoka puani, na wapo wanaodhani ni wa kale, hauna mwenyewe. Unaye. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa Kaloleni waliojiita Avenida Success mwaka 1969, wakabadili jina 1972. Santuri ilitoka 1982, Boney M wakaudaka mwaka uliofuata, na kufikia 1987 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya 200,000. Kampuni ya Polygram ikawatuza diski ya platinamu.

Wapo wanaoubeza kwa wepesi wake. Basi nao watunge salamu ambayo Mjerumani aliyeshuka ndege asubuhi ataiitikia usiku huohuo bila kufundishwa!

Hoteli ni chuo kigumu kwa mwanamuziki. Unapiga watu wakila, na sauti yako isizidi mazungumzo yao. Meza hii wanataka rumba, ile ya wazee wanangoja kitu cha taratibu, watoto wanarukaruka mbele ya spika. Ukikosea, hakuna anayekuzomea. Wanainuka tu na kwenda kulala. Bendi nyingi hukwama hapo maisha yao yote, zikirudia za watu. Them Mushrooms walichota kwao: mwanzele wa Wagiriama, kisha chakacha, ngoma ya akina mama harusini. Sikiliza chakacha ikishaingia kwenye umeme. Besi inakaa chini ikinguruma pale palipokuwa pa vumi, gitaa la rithimu linakata kavukavu kama chapuo, na mpiga dramu, kama ana adabu, anaacha nafasi ili kiuno kipate pa kupita. Mombasa Roots nao waliijua siri hiyo; "Disco Chakacha" yao bado inainua watu vitini.

Mwaka 1987 Mushrooms wakahamia Nairobi. Rege walikuwa wameshaigusa. Sasa wakachanganya zaidi, baadaye wakajiita Uyoga. Lakini kwangu mimi kilele chao ni miaka ya 1990, walipokubali kukaa nyuma. Walimrudisha studio Fundi Konde, mzee aliyekuwa akirekodi tangu miaka ya 1940, wakampigia kwa staha bila kumfunika. Wakafanya kazi pia na Malika, mwimbaji wa taarabu. Bendi yenye diski ya platinamu kuwa wapambe wa sauti ya mwingine: hapo ndipo ufundi wao ulipokomaa. Ninaiweka kazi hiyo juu ya "Jambo Bwana".

Kwale, iliko Diani, nayo ina hazina yake. Katika sengenya, ngoma ya Wadigo, mpiga nzumari hujaza mashavu, anavuta pumzi kwa pua huku akiisukuma iliyo mdomoni, na mlio haukatiki hata ngoma zikibadili mwendo. Mpiga solo yeyote wa gitaa angeweza kukaa chini ya mzee wa aina hiyo, Msambweni au Lungalunga, akajifunza namna ya kuushika wimbo bila kuuachia.

Kwa hiyo, msomaji, ukija Diani ukakuta bendi ukumbini, itikia salamu yao kwa moyo mmoja. Kisha waombe sengenya, na uwatunze vizuri wakiipiga.