BranchCache Ikisomwa Kariakoo

Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam. Oktoba mwaka huohuo Microsoft ikatoa Windows 7, ndani yake mkiwa na BranchCache, programu ya kutunza nakala za faili tawini. Mkongo ulikuja kupanua njia, programu ilikuja kupunguza safari. Mkongo umeshasifiwa vya kutosha. Hii ya pili haijasomwa.

Fani yake imo katika jibu la seva. Kompyuta ya tawi la Kariakoo ikiomba faili makao makuu Posta, seva haitoi faili. Hukagua kwanza kama mwombaji ana ruhusa, kisha humpa orodha ya alama za kihesabu, moja kwa kila kipande cha faili. Kwa orodha hiyo kompyuta huulizia hapohapo tawini: nani anacho? Kikipatikana, kipande hupimwa kwa alama yake, kilichochakachuliwa hutupwa. Visivyopatikana ndivyo vinavyofuatwa Posta. Ruhusa inabaki kwa mkubwa, mzigo unatoka kwa jirani, na huo ndio ufundi ninaouvulia kofia.

Namna ni mbili. Katika ya kwanza kila kompyuta hutunza ilichowahi kupakua na kuwagawia wenzake, kama muuza vitenge wa Mtaa wa Congo: rangi ikikosekana, kijana anatumwa duka la tatu na mteja wala hajui. Ya pili huweka seva moja tawini, iwe stoo ya wote.

Namna ya kwanza husifiwa kwa urahisi wa bei, maana hakuna seva ya kununua. Sifa hiyo naipokea nusu. Ulizo lake halivuki mtandao mdogo wa eneo moja, na ghorofa za Kariakoo, duka chini, ofisi juu, ruta kila sakafu, huzifanya kompyuta zisisikiane. Mhasibu naye akiondoka jioni na laptop kwenda Gongo la Mboto, ameondoka na vipande vyake vyote. Namna ya pili haina kasoro hizo, ila inataka umeme wa uhakika. Seva ikizimika kazi haisimami; maombi yanarudi Posta.

Lakini kasoro kubwa haimo katika namna yoyote kati ya hizo mbili. Imo katika namba moja ya mpangilio wa awali: kwa faili za kushirikishana, hakihifadhiwi kitu mpaka safari ya kwenda na kurudi ivuke milisekunde 80. Enzi za setilaiti, safari hiyo ilizidi nusu sekunde, kwa hiyo kila tawi lilistahili. Leo, kwa waya, Posta na Kariakoo hazifiki hata karibu na kipimo hicho. Programu inaona tawi liko karibu, inanyamaza, na bili ya bando inaendelea kupanda. Umbo hili hupima umbali kwa ucheleweshaji, halipimi kwa shilingi.

Kwa hiyo fundi wa ofisi ya ghorofa mbili au zaidi, chagua seva ya tawini na uiwekee betri. Mwenye chumba kimoja na kompyuta za mezani, namna ya kwanza inakutosha. Ila wote wawili, ishusheni kwanza hiyo 80.