Viatu Mlangoni

Krismasi ya Rhonda, mtaa wetu hapa Nakuru, naisoma kwenye mabati. Tarehe 25 Desemba, saa tatu asubuhi, jua limeshapita paa za ploti na mabati mapya yanarusha mwanga mkali hivi kwamba ukimsimamisha mtu mbele yake macho yake yanageuka mistari miwili. Mabati makuukuu yenye kutu ni habari nyingine. Yanarudisha mwanga mwekundu, mpole, na hata mama aliyekesha akisukuma chapati huonekana kama ametoka kulala kwa saa nane. Kwa hiyo familia ikiniita, sianzi kwa kutoa kamera. Nazunguka ploti nikitafuta kutu. Na nakimbia kuta za kijani za maduka ya M-Pesa kama anayedaiwa, kwa maana ukijani ule hupanda mashavuni na hakuna programu inayoutoa wote.

Aliyenifunza kazi alikuwa mmoja wa wapiga picha wa Nyayo Gardens, pale mjini. Enzi hizo mteja alilipa nusu, jina lake likaandikwa kwenye kidaftari, akarudi siku ya tatu mkanda ukishaoshwa. Mkanda ulikuwa na picha 36. Ukiufunga kwa ujanja ulipata ya 37, na hiyo ndiyo ilikuwa chai yako. Siku ya kwanza mwalimu wangu alinipa kamera isiyo na mkanda, nikashinda nikipiga hewa. Jioni akaniuliza nimepiga ngapi. Sikujua.

"Basi leo umefilisika," akasema, akaenda zake.

Siku hizi kadi moja hubeba picha elfu na zaidi, lakini bado nahesabu. Chukua picha ya ukoo, ambayo ndiyo mtihani wa kazi hii. Shosho anakaa katikati kwenye kiti cha plastiki, wajukuu chini kwenye mkeka, wana na wakwe nyuma. Nafunga tundu la lenzi hadi namba 8 ili safu ya nyuma isipotelee kwenye ukungu. Kasi naiweka 1/125 ya sekunde, kwa kuwa watoto hawana breki. Kijana mmoja nampa gunia la unga lililogeuzwa nje ndani, alishike chini ya kifua cha shosho, weupe wake uinue giza lililo chini ya kitambaa cha kichwa. Kisha nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kwenye tatu hakuna mtu aliye yeye mwenyewe. Vifua vimejaa pumzi, videvu viko juu, shemeji ameficha tumbo. Nabonyeza hiyo ili waridhike. Halafu nashusha kamera nusu, kama aliyemaliza, pumzi inawatoka, shosho anamgeukia aliye karibu amwambie jambo. Hapo ndipo nabonyeza ya kweli. Miaka yote hii hakuna familia iliyoning'iniza ukutani picha ya "tatu".

Kuna jambo ambalo asiyepiga picha haliwazi: ukoo mmoja una rangi nyingi za ngozi, na kila moja inadai haki yake. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa mtu mmoja tu. Maabara zilipewa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi iliyojulikana kwa jina Shirley, na ngozi yake ikiwa sawa basi dunia nzima ilihesabiwa iko sawa. Mweusi alitoka meno na macho. Filamu zilipoanza kurekebishwa, sehemu kubwa ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba kahawia moja haitofautiani na nyingine kwenye matangazo yao. Chokoleti ilisikizwa kabla ya shosho. Mwalimu wangu hakuwahi kusikia habari za Shirley, lakini aliupa mkanda mwanga zaidi kuliko kipimo kilivyosema. Akiulizwa sababu, alijibu kwamba kipimo hakijawahi kufika Nakuru.

Pasaka ina shida yake. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, na mwishoni mwa Machi jua la saa sita hukaa karibu utosini kabisa. Kila jicho linakuwa shimo. Ubatizo ukichelewa kanisani nawaambia wazazi tule kwanza, picha saa kumi na moja. Wengine hunung'unika kwamba gauni la mtoto litachafuka. Litachafuka kweli, huu ni mji ambao jina lake, kwa Kimaasai, ni habari ya vumbi, na mwezi wa Januari na Februari vumbi hilo huingia hadi ndani ya mwili wa kamera likaacha madoa kwenye kila anga unayopiga.

Sasa habari za nyumbani. Sikukuu ya wenzangu ndiyo mavuno yangu, na Desemba ndiyo inayolipa karo ya Januari. Nauli ya matatu ikishapanda na majirani wakianza kufunga mizigo kwenda Molo, Olenguruone au Kisii, mama watoto huniuliza swali ambalo jibu lake analijua.

"Baba watoto, wewe utakuja lini?"

"Tarehe 27."

Kwetu ushago kuku huchinjwa tarehe hiyo. Kitindamimba wetu, hadi alipoingia darasa la pili, aliamini Yesu alizaliwa tarehe 27, akabishana na mwalimu wa shule ya Jumapili mpaka tukaitwa.

Watu wenye nia njema walinishauri nigawe siku: hizi za wateja, hii ya familia, hii ya picha zangu mwenyewe. Nikajaribu. Jumanne nikaifanya siku ya sanaa, nikawa naamka alfajiri kwenda upande wa mbuga ya Ziwa Nakuru, maana hatuko mbali nayo, nipige heroe kama wanavyopiga wageni. Ziwa lilikuwa limeanza kujaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, maji yakapungua chumvi, heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Waliobaki niliwapiga. Nilipata picha nzuri za kalenda, za kalenda yoyote, ya mwaka wowote. Jumanne ikafa yenyewe.

Picha zangu zilikuja kwa njia nyingine, tena nikiwa kazini. Jioni moja ya Krismasi nilikuwa natoka kwenye ploti ya mwisho, begi begani, kadi imejaa. Ploti zetu mnazijua: vyumba vinatazamana, ukumbi mwembamba katikati, bomba moja, geti. Kwa vile watu wametandika kapeti, mgeni huvua viatu nje. (Usiku vinaingizwa ndani; hapa ni Rhonda, si Ulaya.) Jua lilikuwa limelala chini kabisa, likaingia getini na kutambaa sakafuni hadi mlango wa mwisho, na kila mlango ulikuwa na viatu vyake. Mlango mmoja una viatu vya ngozi vya mzee, vimewekwa sambamba kwa adabu, na kando yake patipati nne za watoto, mbili zimegeuka. Mwingine una viatu virefu vya kike vyenye udongo hadi kisiginoni: huyo alipita njia ya mkato. Mwingine jozi moja ya raba na jozi moja ya sandali, zimekaribiana kuliko ilivyohitajika. Nikafuta picha kadhaa za "tatu" nipate nafasi, nikapiga.

Tangu siku hiyo, kila sikukuu, nikimaliza kazi ya watu napita milangoni. Krismasi, Pasaka, Idd, Mwaka Mpya. Hakuna anayelipa. Lakini jicho linaloona ile sandali limenolewa na wateja: ni shosho na wajukuu wake walionifundisha kusoma nani amekaa karibu na nani, na kwa nini.

Sidhani mimi ni wa kwanza kupata picha zangu ndani ya kazi ya wateja. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyeishi kwa kupiga picha za watu dukani mwake, na humo humo akawa anakata na kubandika picha akatunga mambo ambayo kamera haiyaoni. Na pale kwenye kivuko cha Likoni, miaka ya 1990, vibanda vya wapiga picha vilijaa mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Wateja wao wengi walikuwa wafanyakazi kutoka bara. Picha ilipanda basi kwenda nyumbani, mwenyewe akabaki Mombasa. Nikifikiria mapazia yale sicheki.

Mwaka mmoja, kwa ajili ya kukamilisha, nilipiga na mlango wetu. Tarehe 25, saa kumi na mbili jioni. Kufuli, na sakafu iliyofagiliwa. Sikumwonyesha mtu. Mama watoto aliiona mwezi wa pili akitafuta picha za pasipoti za watoto kwenye kompyuta. Aliitazama kwa muda, akauliza betri ya kamera inachajiwa wapi siku hizi, tukaongea mengine.

Desemba iliyofuata hakuniuliza nitakuja lini. Nilitoka alfajiri kama kawaida, familia sita, ya mwisho ng'ambo karibu na Kaptembwo, na simu ilikuwa imezima tangu mchana. Nilipofungua geti nilisikia sauti ya mama yangu akilalamika kwamba chai ya mji haina maziwa. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, wa kutosha kwa mkono usiotetemeka. Nikapiga magoti kwenye ukumbi, nikahesabu kabla ya kubonyeza: jozi kumi na moja, moja ikiwa ya mama, na matope ya ushago bado hayajakauka. Zangu hazimo kwenye picha. Nilikuwa nimezivaa.